Tofali Lenye Unyayo wa Lidia

Siku ile, mwanangu, naikumbuka mpaka rangi ya udongo uliokuwa kwenye kucha zangu. Nilikuwa nimeolewa Itaka, mwaka haujaisha, na nilitaka jiko langu mwenyewe. Kwetu Tunduma nilishaona majiko ya tofali, basi nikajiona mjuzi.

Kanisa jipya lilikuwa limekamilika kule barabarani. La zamani lilibaki kuta tupu, bati zote zimehamishwa. Nikasema moyoni, matofali haya hayana mwenyewe. Nikamwita shoga yangu Eliza Nzunda, tukayang'oa upande wa mlango, tukabeba kichwani asubuhi nzima. Eliza alikuwa mtu wa utani. Akaniambia, "Wewe ukimaliza kuta utaibeba na kengele." Tukacheka mpaka tofali likamponyoka.

Mama mkwe wangu, Rabeka Halinga, alirudi kutoka shamba la kahawa akakuta ukuta umefika kiunoni. Akaweka kikapu chini, akaanza kuyapapasa matofali, moja moja. Nikadhani anasifia kazi.

"Umeyatoa upande gani?"

"Wa mlangoni, mama."

"Kulikuwa na moja lina unyayo."

"Sikuangalia, mama. Ni matofali tu."

Akakaa chini palepale, miguu ameinyoosha, kama tunavyokaa msibani. Ndipo akaniambia.

Walipofyatua matofali ya kanisa, kila nyumba ilitoa mtu. Andrea Simbeye alikanda udongo, bibi yake Eliza alichota maji, Yohana Mwazembe alishika kibao cha kufyatulia. Watoto walikatazwa kusogelea tofali bichi. Lakini Lidia, mtoto wa kwanza wa mama mkwe, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, aliponyoka akakanyaga moja. Yohana akataka kulifyatua upya. Mama mkwe akasema, liache. Surua ikamchukua Lidia kabla tanuri halijawashwa. Wakalichoma hivyohivyo, wakaliweka karibu na mlango, unyayo ukitazama nje, ili mama yake akiingia ibadani apitishe kidole. Picha ya mtoto hakuwa nayo. Picha ilikuwa hiyo.

Nilibomoa lile jiko kwa mikono yangu. Eliza akaja bila kuitwa, safari hii bila utani, tukawa tunaosha tofali kwa tofali. Ukutani halikuwepo. Tulilikuta msingini, nimelilaza kifudifudi, limevunjika. Kisigino kipande hiki, vidole kipande kile. Nikapiga magoti nikampa mama mkwe. Akaviunganisha mapajani.

"Alikuwa na vidole vinene," akasema.

Basi, ni hilo tu. Hakunisema siku hiyo wala siku nyingine, na bora angenisema. Tuliyarudisha yote, na Yohana, mzee sasa, akalipachika tena mahali pake. Ufa upo mpaka leo. Mpita njia anaona uchakavu.

Sasa nasikia nyie vijana mnataka kubomoa lile ghala la zamani la kahawa pale Nanyala, mjenge fremu za maduka. Mimi darasa nililiacha la pili, siwezi kubishana na ramani zenu, na maduka nayo watu wanayahitaji. Ninachokuomba, mwanangu, kabla nyundo ya kwanza haijapigwa, mtafute mzee aliyekanda udongo wa pale, hata kama amebaki mmoja. Ukae naye. Umuulize kila ukuta una habari gani, umwache amalize. Kama bado lazima kubomoa, bomoeni, lakini mkijua mnachokibeba, na kitakachohitaji kushikwa kwa mikono miwili mkishike hivyo. Mimi nililala nyumba moja na mama yule karibu mwaka mzima, nikala ugali wake, nisimuulize hata siku moja kwa nini Jumapili anachelewa pale mlangoni.

Mungu akujalie mikono yenye upole, mwanangu. Akujengee nyumba ambayo wajukuu zako watataka kuijua habari yake, na akuache hai uwasimulie.