Nilivyoyang'arisha Meno ya Binti Yangu

Mimi meno yangu ni meupe. Nianze na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko mengine yote. Nililelewa upande wa magharibi, tukinywa maji ya mvua, na mpaka leo nikicheka unaweza kudhani napiga mswaki mara tano kwa siku. Uongo mtupu. Binti yangu alizaliwa hapa Kitengela, akanywa maji ya kisima tuliyoletewa na mkokoteni wa punda, na meno yake ya utu uzima yakaota yakiwa na rangi ya chai. Hapa Kajiado si jambo la ajabu, watoto wengi wako nayo. Maji yetu yana chumvi ya ardhini inayoharibu meno yakiwa bado ndani ya ufizi. Sisi tulichojua wakati huo ni kuyachemsha tu. Mama yake aliyachemsha mpaka sufuria ikashika ukoko mweupe, na mtoto akanywa.

Nani aliyetuleta hapa? Mimi. Nilikuwa nimechoka kuajiriwa Nairobi, nikataka kibanda changu mwenyewe. Mimi ni sonara. Natengeneza pete za ndoa, naunga mikufu iliyokatika, natoboa masikio ya watoto wakipiga kelele. Kina mama wa Kimaasai huniletea vile vipande vya bati vinavyoning'inia kwenye shanga zao, navikata upya na kuving'arisha.

Kazi nilifundishwa na mzee mmoja Mhindi aliyekuwa na karakana mjini, Mungu amrehemu. Alipenda kuongea akiwa na koleo mkononi. Alituambia kwamba karne zilizopita sonara hakuwa mtu wa pete peke yake. Ndiye aliyeng'oa watu meno, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na koleo ndogo na mkono usiotetemeka. Ndiye aliyeunda meno ya bandia kwa pembe na dhahabu, akayafunga kwa waya wa fedha. Wengine walitengeneza saa, wengine walichonga majina ya marehemu kwenye vibati vya majeneza. "Na nyinyi mnajiita mafundi," alikuwa akisema, "hata jino moja hamwezi kung'oa!" Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, lakini maneno yale yaliniingia. Nilikuwa kijana mwenye kiburi, na kiburi chenyewe hakijaisha, ndiyo shida yangu.

Basi siku moja akaja kijana wa Noonkopir, mtaa huu huu wa Kitengela kilipo kibanda changu, kuchukua pete aliyoileta ikiwa nyeusi tititi. Nikampa iking'aa. Akaigeuzageuza, akatabasamu midomo ikiwa imefungwa, vile watu wa hapa wanavyotabasamu, akasema, "Fundi, na haya yangu je?" Akanionyesha meno. Mtu mwenye akili angemwambia aende hospitali. Mimi nikamvutia kiti. Nilianza na burashi ndogo ya mashine na unga wa kusugulia, rangi ikakataa katakata. Nikaongeza ile asidi ninayooshea fedha, nikiwa nimeizimua kwa maji. Ikatoka. Wacha wee! Kijana alijitazama kwenye kioo cha wateja wa hereni, akaanza kulia, mwanaume mzima.

Kutoka siku hiyo sikupumua. Walikuja wachumba kabla ya kupigwa picha za harusi, akaja mwalimu, akaja askari wa benki. Wengine walitoka Rongai, wengine Loitokitok kule chini ya mlima. Asubuhi naosha meno, mchana naunga mikufu. Nikajiambia, laiti mzee wangu wa karakana angeniona! Nilivimba kichwa, haki ya Mungu.

Binti yangu naye akaniomba. Nikamkatalia mwaka mzima. Nitasema kwa nini, hata kama ni kujifunga mwenyewe. Najua vitu vya kupakwa. Pete ya shaba iliyopakwa fedha ukiisugua sana, fedha inaisha, shaba inatokea, na hapo umeshaiharibu. Kila unaposugua kuna kitu kinaondoka. Hilo nililijua kwenye vidole vyangu tangu nikiwa mwanafunzi. Kwa wateja sikuliwaza. Kwa mtoto wangu nililiwaza. Sasa niambie, mimi ni mtu wa aina gani?

Lakini msichana alikuwa amesomea kazi ya hoteli, na alichotaka maishani ni kukaa mapokezi. Hakutaka kingine. Hoteli moja ya watalii upande wa Loitokitok ilimwita kwa mahojiano, wakampenda Kiingereza chake, wakapenda alivyovaa, halafu wakampa kazi ya kufua mashuka. Meneja alimwambia wazi kwamba mapokezi wanataka mtu wa kutabasamu. Alirudi Kitengela Jumamosi, siku yake ya mapumziko, akaja moja kwa moja kibandani, akaketi kwenye kile kiti cha wateja.

"Baba, wewe unaosha meno ya kila mtu," akasema. "Yangu ndiyo yanakutia kinyaa ama?"

Hapo nikaisha.

Nilianza Jumamosi hiyo hiyo mchana. Wateja nilikuwa nawapitishia asidi mara moja. Yeye nilimpitishia mara tatu, kila aliporudi nyumbani, kwa sababu alikuwa wangu na nilitaka yake yawe bora kuliko ya wote. Alivumilia. Alikuwa amenishika goti, na mashine ikigusa anafinya. "Yanachoma kidogo tu," alisema, nami nikaendelea. Mara ya tatu yale manne ya juu mbele yalitoka meupe pe, mpaka mama yake akapiga vigelegele na jirani yetu muuza mboga akaja mbio kuuliza nani anaolewa.

Mapokezi walimpa. Alitutumia picha akiwa na sare, ametoa meno yote nje, na mimi niliionyesha kila aliyeingia kibandani, hata waliokuja kuulizia pini ya hereni. Jameni, nilikuwa na furaha. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sasa nikiikumbuka nataka kutapika.

Ilianza na maji baridi. Akanipigia simu kwamba akinywa maji meno yanapiga kelele mpaka kichwani. Baadaye ikawa chai. Baadaye akaniambia, "Baba, hata upepo." Nikamwambia yatazoea. Sijui neno hilo nililitoa wapi, maana hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kwamba meno huzoea. Rangi nayo ikarudi, safari hii si ya chai bali ya kijivu, na ncha zikaanza kumeguka kama chaki. Siku moja aliuma mkate, mkate laini wa siagi, jino likakatika akiwa zamu, wageni wakitazama. Hoteli ikamwambia aende nyumbani apone kwanza. Hawajampigia tena. Mimi nikawaambia wateja wa meno kwamba mashine imeharibika, nikarudi kwenye mikufu yangu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nyumbani alikuwa hapati usingizi kwa maumivu, anakula uji wa vuguvugu kwa upande mmoja. Hajawahi kunilaumu. Mama yake alinilaumu kwa ajili ya wote wawili, na alisema kweli tupu.

Mwishowe nikampeleka kliniki ya meno huko Kajiado mjini. Daktari alikuwa kijana mpole, akamlaza kwenye kile kiti, akayakagua moja moja kwa kioo kidogo. Halafu akatueleza. Ile rangi ya awali haikuwa uchafu, ilikuwa ndani ya jino lenyewe. Jino lina ngozi ngumu kwa juu, na ngozi hiyo imeondolewa yote. Yale manne hayawezi kuokolewa, lazima yang'olewe.

"Ni nani alikufanyia hivi?" akamuuliza.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini binti yangu aliniwahi. "Ni mimi mwenyewe, daktari. Nilinunua dawa sokoni nikajipaka."

Daktari akamkemea. Msichana aliyesoma kama wewe, akasema, kwa ajili ya urembo tu, unajimwagia sumu mdomoni! Akamsema mpaka muuguzi wake akageuza uso. Binti yangu alikuwa amelala pale, anaitikia yote. Mimi niliangalia viatu vyangu.

"Na wewe mzee," daktari akanigeukia, "ungemwangalia mtoto wako."

"Ni kweli, daktari," nikasema.

Akavua glavu. Sauti yake ikashuka. "Nauliza kwa sababu huyu si wa kwanza. Nimepata wengine kutoka huko kwenu, meno yameisha vivi hivi. Wanasema ni fundi fulani wa Noonkopir, sonara, lakini jina hawataki kulitaja, wanaona aibu. Nataka aachishwe kabla hajamaliza watu. Wewe ni mwenyeji wa huko, mzee. Unamjua?"

Msichana akainua macho, akanitazama. Yeye alikuwa ameshabeba sehemu yake, na hii moja ilikuwa yangu. Nikafikiria kibanda. Nikafikiria yule mwalimu, yule askari, wale maharusi, wote wakiwa kwenye foleni mlangoni kwangu wameshika midomo.

"Simjui," nikasema.

Daktari akaandika kitu kwenye faili. "Na wewe unafanya kazi gani?"

"Nauza mitumba."

Binti yangu hakunitazama kwa hasira. Ningeshukuru kama ingekuwa hasira. Alinitazama kidogo tu, kisha akamgeukia daktari, akafungua mdomo ili ang'olewe.