Nyumba Yangu ya Uganda

Msinionee huruma. Nichekeni tu, tena msinicheke kidogo. Nicheke mimi kwanza, maana nilijitakia. Kahawa ilipolipa vizuri nilianza kuwadharau majirani zangu wa Nkwenda na vibanda vyao vya nyasi. Nikavuka mto pale Murongo, nikanunua nyumba ya bati upande wa Uganda. Niliporudi nilijitapa katika kila kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na baba mkwe nikamwalika aje kuiona.

Kwetu Karagwe anayeuziwa nyumba ameuziwa kibanja kizima, yaani na shamba lake, hadi mgomba wa mwisho. Muuzaji aliniuliza mara mbili, "Nyumba peke yake, bwana?" Nikamwona mjinga. "Nyumba!" nikamjibu, nimetunisha kifua.

Siku ya kufika baba mkwe nilikuwa nakata mkungu wa ndizi kando ya nyumba yangu mpya nilipomwona mzee mwenye kanzu amesimama nyuma yangu.

"Weka panga chini," akasema. "Aliyekuuzia alipanga ardhi kwangu, nyumba akajenga mwenyewe. Alikuuzia kuta na bati, basi. Ardhi na migomba ni yangu, na wewe sikutaki. Chukua nyumba yako uende."

Kuta za udongo hazibebeki. Nilijitwika mlango na mabati, nikashika njia ya kivukoni. Ni akina nani wanashuka kwenye mtumbwi? Baba mkwe, amevaa koti lake la kanisani, na nusu ya Nkwenda nyuma yake.

"Shikamoo, baba," nikasema, mlango kichwani.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo nyumba yako bado ni mbali?"

"Si mbali, baba. Ndiyo hii."