Mkanda wa Cherehani

Siku shangazi yetu alipochomoa mkanda wa cherehani yangu, pale Rwezamenyo, mtaa wa Waswahili hapa Kigali, naikumbuka hadi leo. Nakusimulia, mwanangu Umutoni, kwa sababu umeniambia Jumatatu huendi Kimihurura kwenye usaili wa kazi. Ati watauliza kwa Kiingereza, nawe umerithi ulimi mzito wa mama yako mkubwa, yaani mimi, si ule mwepesi wa mama yako. Tangu uniambie, moyo wangu hautulii.

Sisi mapacha, mimi Gakuru na mama yako Gato, tulitoka kijijini bila neno la Kiswahili. Shangazi alimweka Gato mbele ya duka lake auze vitambaa. Mimi nikashonea chumba cha nyuma. Mwaka haukuisha, Gato akawa anabishana bei na Wakongomani, na mimi hata salamu inanikwama. Shangazi akaihamishia cherehani yangu barazani, wateja walipo. Nikapata ujanja: mteja akifungua kinywa, nakanyaga pedali kwa nguvu, kelele zimfukuzie kwa Gato. Niliogopa kuchekwa. Niliogopa zaidi kurudishwa kijijini, nitenganishwe na pacha wangu.

Siku hiyo mama mmoja akauliza, "Gauni yangu iko tayari?" Nikakanyaga. Shangazi akachomoa mkanda, gurudumu likazunguka bure.

"Gakuru, jibu muteja mwenyewe. Gato haiko hapa."

Nikajibu, "Iko... mukono moja bado."

Yule mama alicheka, kweli alicheka. Kisha akasema, "Basi nitangoja huo moja." Akaketi kando yangu, akawa ananiuliza habari za nyumbani huku naushona mkono ule kwa sindano.

Alipoondoka, shangazi akaniambia, "Mulitoka tumbo moja, sura moja. Gato iko anakosea mbele ya watu kila siku. Wewe unanyamaza."

Sikatai damu, mwanangu. Baba yetu alikuwa mzito wa lugha, na wapo wanaozaliwa na sikio jepesi. Lakini mimi na Gato damu tulikuwa nayo moja. Tulichotofautiana ni mahali pa kukaa. Nawe, jirani yako Mganda akikusalimu kwa Kiingereza, unaweka simu sikioni ujifanye unaongea. Hiyo ndiyo pedali yako, iache. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Nenda Jumatatu. Jibu kwa makosa, lakini jibu. Naogopa pamoja nawe, nitakusindikiza mpaka mlangoni. Mungu akutangulie, akukutanishe na mtu atakayeketi kando yako, angoje neno lako mpaka limalizike.