Kompyuta Isiyohema ya Verlene Pettigrew

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Duka la kompyuta la Barabara ya Lamar, hapa Memphis, limefunguliwa dakika tano tu zilizopita, na tayari kuna mteja aliyepiga magoti sakafuni. Ni Verlene Pettigrew. Amevaa sare yake ya kazi, na mkononi ana bisibisi ndefu. Ncha ameigusisha kwenye ubavu wa kompyuta, mpini ameuweka sikioni, macho ameyafumba.

"Mama, hiyo haiuzwi kwa kusikilizwa," anasema muuzaji, Darnice, mwanamke wa makamo asiyeamini anachokiona. "Hiyo ndiyo yenye kasi kuliko zote humu ndani."

"Kasi naisikia," Verlene anajibu bila kufumbua macho. "Inahema kama mjomba wangu akipanda ngazi."

Anasogea kwa magoti hadi kwenye ya pili.

Verlene, mwenye miaka 57, ni fundi wa majokofu. Kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa akizunguka majiko ya shule za jiji hili. Bisibisi sikioni ni ujuzi wa mafundi wa zamani: chuma hubeba mlio wa mashine, na fundi akajua ugonjwa kabla hajafungua skrubu hata moja. Analipwa dola ishirini na sita kwa saa. "Na magoti haya mawili," anasema, "kila moja linataka mgawo wake."

Lakini leo hatafuti jokofu. Jumanne baba yake, Shemasi Hosea Pettigrew, mwenye miaka 81, atapasuliwa koo. Madaktari hawakumficha: atapona, ila sauti huenda isirudi.

Sauti hiyo imetoa mistari katika kanisa la Kibaptisti la Bethania Mpya kwa miaka arobaini na sita. Shemasi hutoa mstari mmoja wa wimbo peke yake, kisha hunyamaza, na kanisa zima huuchukua na kuuvuta polepole, bila kinanda wala ngoma. Baada yake hakuna mwingine kanisani hapo anayeuweza mtindo huo. Verlene anataka kuirekodi sauti hiyo kabla ya Jumanne.

Studio anayo. Ni chumba cha nyuma cha nyumba yake mtaani Orange Mound, kuta zimefunikwa mablanketi, na humo amekuwa akirekodi kwaya kwa miaka sita. Kompyuta yake ya kwanza alichaguliwa na mwalimu wa kwaya, Rufus Odom: kubwa, yenye nguvu na taa za rangi. Watu arobaini wakiimba na ngoma zikipigwa, nani angesikia feni yake?

Wiki iliyopita alimweka baba yake mbele ya maiki. Mzee alitoa mstari, akanyamaza, akatoa mwingine. Walipoisikiliza rekodi, kila penye kimya palijaa mvumo.

"Nani huyo anaitikia kabla ya watu?" aliuliza Shemasi.

Verlene alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mimi, fundi wa feni!" anasema. "Miaka sita inanivumia chumbani kwangu, na mimi sina habari!"

Akaifungia mashine kabatini wajaribu tena. Ikapata joto, ikazimika katikati ya ubeti wa pili. Koo la mzee lilikuwa limeshachoka. Daktari akamruhusu kuimba mara moja tu zaidi, basi.

Ndiyo maana Verlene yuko sakafuni. Amesikiliza kompyuta tisa. Ya kumi ni ndogo, ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Anaweka bisibisi, anangoja, anaweka tena.

"Hii imezimwa?"

"Inafanya kazi," anasema Darnice. "Haina feni kabisa. Lakini nisikudanganye, mama. Ukiirundikia kwaya nzima itakwama."

Odom, aliyekuja kusaidia kuchagua, anadakia. "Umemsikia mwenyewe! Dada Verlene, mimi nangoja mashine ya kwaya ya Pasaka, wewe unanunua kikokotoo?"

"Kaka Odom, kwaya itaimba hata mwakani. Baba kabakiwa na mara moja."

Odom anajikuna kidevu. "Mkaidi kama baba yako."

"Asante," anasema Verlene, na kuinuka.

Alasiri hiyo alizima kiyoyozi, akatoa betri ya saa ya ukutani, akachomoa jokofu jikoni. Shemasi alimtazama akizunguka.

"Binti, umefukuza kila kitu humu ndani. Na mimi nitoke?"

"Wewe vua viatu, Baba."

Aliimba akiwa na soksi, akihesabu kwa kupigapiga mguu mmoja taratibu kila aliponyamaza. Aliimba mara moja, hadi mwisho. Walipoisikiliza rekodi, baina ya mistari hapakuwa na kitu chochote.

"Hapo sasa," alisema mzee. "Hapo watu wataingia."

Jokofu, hata hivyo, lilisahauliwa hadi Jumatatu. Sufuria nzima ya shingo za nguruwe iliharibika, na Odom akahakikisha hakuna muumini asiyejua kwamba fundi wa majokofu kaozesha nyama kwake mwenyewe.

Upasuaji ulikwenda salama. Sauti haikurudi.

Jumapili iliyopita, wiki ya tano baada ya upasuaji, Shemasi alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, shingo imefungwa bendeji. Verlene aliunganisha kompyuta ndogo na spika za kanisa. Sauti ya baba yake ikatoa mstari, kisha kimya kikaingia. Watu walitazamana. Aliyeanza kuitikia, kutoka kiti cha nyuma, alikuwa Rufus Odom, na kanisa zima likamfuata.

Mguu wa Shemasi ulikuwa ukihesabu. Waumini walipomaliza kuuvuta mstari wa kwanza, wa pili ukaja. Haukuja mapema wala haukuchelewa. Alikuwa ameipima nafasi yao chumbani akiwa peke yake, kwa mguu wenye soksi. Akina mama wa viti vya mbele walilia waziwazi, na Verlene pia.

Mwezi ujao Verlene anakwenda Wilaya ya Fayette, kwa Mama Idella Crume, mwenye miaka tisini, ambaye bado hutoa mistari. Anataka kuwafikia wote waliobaki katika wilaya zinazopakana na Memphis. Odom atabeba maiki. Bisibisi ataibeba Verlene mwenyewe, kwa kuwa hajui jokofu la Mama Idella linavuma namna gani.

Mwandishi wa makala haya alipomwendea Shemasi Pettigrew baada ya ibada, mzee alichukua kibao chake cha kuandikia na chaki. Alifikiri kidogo, akaandika, akakigeuza.

"Usisahau kuandika kwamba ni binti yangu."