Petroli ya Ndege na Dawa ya Kopo

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hata nilipokuwa kijana nisiye na cha kujivunia ila sanduku la spana, sikuzificha. Mke wangu alikuwa akisema mdomo wangu utatupeleka kijijini. Kijiji alichokuwa akikisema ni kimoja cha vile vya Emajensi, hali ya hatari ya wakati wa mkoloni, vilivyozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha, ambako Mkikuyu asiye na kazi mjini alipelekwa kwa lori la serikali yeye na watu wake. Sisi tulikuwa na chumba kimoja Thika, mtoto wa miezi minne na pasibuku yangu, kitabu cha kibali cha kukaa na kufanya kazi mjini. Pasibuku hiyo ilitakiwa kugongwa muhuri mpya Jumatatu, na karani hakugonga muhuri bila barua ya tajiri. Kwa hiyo wiki ninayoisimulia nilikuwa nahesabu siku: nikikosa barua, nimekosa muhuri, na nikikosa muhuri, tumekosa Thika.

Tajiri wangu alikuwa Mhindi mwenye gareji upande wa stesheni. Sitaki kumsema vibaya, maana ndiye aliyenifundisha kusikiliza injini kwa bisibisi, ncha kwenye chuma na mpini kwenye sikio, mpaka nikaweza kutofautisha vali iliyolegea na beringi iliyokwisha. Lakini alipenda kuuza kuliko kutengeneza. Kikuyu alikijua kuliko wengi wa wajukuu zangu, na alinitukana kwa lugha hiyo bila kukosea hata neno.

Alhamisi asubuhi aliingia mzungu mmoja wa kahawa kutoka Ruiru na gari lake dogo la kijani la viti viwili, lililokaa chini hata kuku angeliruka. Alikuwa amelipeleka Nairobi likachongwa kichwa cha injini ili silinda zibane zaidi, na tangu hapo likapata nguvu na ugonjwa kwa pamoja. Kila alipokanyaga mafuta lilisikika kama mtu anayetikisa misumari ndani ya mkebe. Jumamosi mchana yeye na wazungu wenzake wangeshindana kupanda kilima cha shambani kwake, mmoja mmoja, kwa kupimwa na saa. Alitaka kushinda, na alitaka isiwe kwa kupasua injini.

Kugonga kule si jambo la ajabu. Petroli ikibanwa kupita kiasi inalipuka yenyewe kabla ya plagi kuiwasha, na kila mlipuko wa namna hiyo ni nyundo juu ya pistoni. Ukiiacha igonge muda mrefu, pistoni inatoboka. Watu wengi, hata leo, wanadhani petroli ya ndege ina nguvu kuliko ya kawaida. Haina. Kilicho ndani yake ni subira tu: unaibana na bado inangoja zamu yake. Nilikuwa nimeyajua hayo kwa mafundi wa kiwanja cha ndege niliowahi kufanya nao kibarua.

Tajiri naye alikuwa ameletewa katoni nzima ya makopo yenye picha ya duma, na kila aliyeingia alimwambia ni dawa ya petroli. Unamimina kopo moja ndani ya tangi, gari linakuwa kijana. Akamwonyesha mzungu. Mzungu akalifungua moja, akanusa, akanipa na mimi ninuse.

Ningenyamaza, siku hiyo ingepita. Badala yake nilirarua kipande cha gazeti, nikadondosha petroli tone moja, na dawa tone moja pembeni yake. Petroli ikakauka na kutoweka. Dawa ikabaki, doa la mafuta lililoenea polepole mpaka likafikia ukingo wa karatasi. Nikainua karatasi mbele ya macho yao wote wawili.

"Hii ni mafuta ya taa na rangi," nikasema. "Ukitia hii, itagonga mara mbili."

Tajiri akawa mwekundu masikio. Mzungu alinitazama mimi, si yeye.

"Wewe nataka mimi natia nini?" akauliza kwa Kiswahili chao cha shambani.

Nilijua swali lile lilikuwa na mtego. Mkono uliokuwa uniandikie barua ulikuwa umeshika kopo hatua mbili kutoka kwangu. Lakini hasira ilikuwa imeshapanda, na maneno yakanitoka: "Petroli ya ndege, bwana."

"Nitapata," mzungu akasema. "Wewe nakuja Jumamosi, natengeneza taimingi." Akaniandikia karatasi ya ruhusa ya kusafiri, akaondoka huku misumari ikilia.

Tajiri hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia kwa Kikuyu, taratibu, kwamba barua ataiandika Jumatatu, gari likipanda. Likipasuka, nisihangaike kurudi. Kisha akanikabidhi lile kopo lililofunguliwa. "Mzungu akikosa ya ndege, tia hii," akasema. Hakutaka kupoteza hata kopo moja.

Jumamosi niliondoka kwa baiskeli jua likichomoza, kopo nimelifunga nyuma, mdomo wake nimeuziba kwa kitambaa. Kabla ya kufika Juja palikuwa na kizuizi: gogo barabarani, homugadi sita, mgambo wa Kikuyu waliotumikia serikali, wenye mikuki na bunduki mbili, na chini ya turubai inspekta kijana wa kizungu amekaa akisoma. Niliwajua homugadi wa kwetu Thika, hawa sikuwajua. Walikagua pasibuku, wakakagua karatasi ya mzungu, wakapapasa mifuko. Kisha mkubwa wao, mzee mwenye koti refu la jeshi, akalishika kopo.

"Hii nini?"

"Dawa," nikasema.

Ndivyo tulivyoiita kule gareji kutwa nzima, na neno likanitoka bila kupita kichwani. Nililisikia likishafika nje. Katika miaka ile neno dawa mdomoni mwa Mkikuyu barabarani halikuwa neno dogo. Watu walikuwa wakipelekwa kizuizini kwa kupatikana na kibuyu kisichoeleweka, kilichodhaniwa ni cha kulishia kiapo.

"Dawa ya nini?"

"Ya mzungu," nikasema, nikazidi kujichimbia. "Yaani ya gari. Ya gari ya mzungu."

"Unampelekea mzungu dawa." Akageuka kuwatazama wenzake. "Na imefunguliwa. Wewe umetia nini ndani?"

Walinikalisha chini, mikono kichwani. Mmoja alisimama nyuma yangu, nikahisi ncha ya mkuki ikigusa kola ya shati. Nilieleza habari za kabureta, za pistoni, za kilima. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Inspekta aliinua macho mara moja, akatazama kopo, akarudi kwenye kitabu chake. Niliogopa. Nilimwona mke wangu amepakiwa nyuma ya lori na mtoto mgongoni, na sababu ikiwa kopo la mafuta ya taa nililolitukana mimi mwenyewe.

Yule mzee akachuchumaa mbele yangu. "Kwetu anayeleta pombe huonja kwanza," akasema kwa sauti ya mtu anayekumbusha adabu. "Mgeni akiona mwenyeji amemeza, anajua hakuna sumu. Si ndivyo ulivyofunzwa?"

"Ndivyo, mzee. Lakini hii si ya kunywa."

"Basi ni sumu."

Nikilikataa kopo, nimekiri. Nikalipokea, nikatoa kitambaa, nikavuta funda moja. Lilinichoma kuanzia ulimi hadi chembe cha moyo, macho yakajaa maji, lakini nilimeza, nikafungua mdomo aone. Homugadi wakaangua kicheko. Mmoja akasema sasa na mimi nitapanda mlima bila baiskeli. Inspekta naye alitabasamu, akanipungia mkono nipite. Nilipanda baiskeli nikiwachukia wote, na nilipofika kwenye kahawa za Ruiru nilishuka, nikatapika mpaka nikaona nyota mchana.

Mzungu alikuwa na madebe mawili ya petroli ya kijani chini ya gunia. Rafiki yake mwenye ndege ndogo alikuwa amemletea. Akafunua gunia, akafunika tena haraka.

"Wewe hapana sema kwa mtu," akanionya. "Hii mali ya serikali. Vita."

Sikuwa nimefikiria hilo. Mzungu akipatikana na madebe yale, atapata barua ya kumkaripia. Mimi nikipatikana nikiyamimina ndani ya tangi, sitapata hata nafasi ya kueleza. Lakini nilikuwa nimeshafika, na barua yangu ilikuwa juu ya kile kilima. Nikamwaga petroli ya zamani, nikatia ya kijani, nikasogeza taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, kidogo mbele. Kisha nikaweka bisibisi sikioni, nikamwambia akanyage.

Misumari ilikuwa imenyamaza. Nilisikia injini peke yake, imeshikana, haina haraka. Nitasema wazi kwamba kwa dakika hiyo moja nilisahau pasibuku, nikafurahi.

Mchana magari manane yalipanda. La kijani lilipokuwa likikata kona ya mwisho nilikuwa nimefumba macho, nasikiliza tu kama litagonga. Halikugonga. Lilishinda, na wazungu wakalizunguka na chupa zao za bia. Miongoni mwao, amevaa kaptura ya mapumziko, alikuwa yule inspekta wa barabarani. Alizunguka nyuma ya gari, akainama penye ekzosi, akavuta pumzi.

"Umetia nini humu?" akamwuliza mwenye gari kwa Kiingereza. Kiingereza changu kilitosha kufahamu hilo.

Mwenye gari akacheka. Akasema ni dawa ya Mhindi wa Thika, kopo lenye duma. Inspekta akanigeukia mimi kwa Kiswahili: "Kweli? Ile dawa wewe kunywa?"

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Ni ile."

Walicheka wote, na mimi nikacheka. Nilijiambia uongo kwa inspekta hauhesabiwi.

Ilipofika Jumatatu, habari zilikuwa zimenitangulia. Tajiri alikuwa amepanga makopo dirishani, picha za duma zikitazama barabara, na kwa mara ya kwanza aliniita fundi wake mbele ya watu. Akaketi mezani, akachukua karatasi, akaanza barua yangu. Nilisimama karibu naye nikiitazama kalamu.

Ndipo akaingia jirani yangu. Vyumba vyetu viligawanywa na ukuta mmoja wa mabati, na zaidi ya hayo tulitahiriwa mwaka mmoja, kwa hiyo tuliitana wakini, kama wanarika wanavyoitana. Alikuwa na lori kuukuu la kubebea viazi, na lori hilo ndilo lililokuwa kibali chake cha kukaa mjini. Siku zile lilikuwa likichoka kwenye miinuko. Alikuwa na shehena nje, tayari kuondoka.

"Wakini," akaniuliza kwa Kikuyu, amelishika kopo, "wanasema hii ndiyo ilimpandisha mzungu. Ni kweli?"

Kalamu ikasimama. Tajiri hakuinua kichwa. Nimekwisha sema Kikuyu alikijua. Barua ilikuwa imebaki na sahihi tu.

"Ni kweli," nikasema. "Ni dawa nzuri."

Alichukua makopo matatu. Tajiri mwenyewe alitoka kummiminia kwenye tangi, kisha akarudi, akatia sahihi. Nilijiambia nitamweleza jirani yangu jioni, ukutani, na kwamba siku moja haiui injini. Saa nne nilikuwa kwa karani. Saa tano muhuri ulikuwa umekauka.

Jioni hakurudi. Alirudi siku iliyofuata kwa miguu, na lori likaja baadaye likivutwa kwa mnyororo. Alikuwa amelikanyagia mafuta kwenye mwinuko wa upande wa pili wa mto Chania, limejaa, linagonga, naye akadhani kelele ile ndiyo nguvu ya dawa inayoingia. Nililifungua mwenyewe. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole, na oili ilikuwa nyepesi kama maji, inanuka mafuta ya taa. Sikumwambia kilichotokea. Nilisema lori lilikuwa zee, naye alikuwa fundi wa kutosha kujua hiyo haikuwa sababu.

Bila lori hakuwa na kazi, na bila kazi hakuwa na haki ya kuwa Thika. Zilipita wiki tatu. Asubuhi askari walipomjia nilimsaidia kubeba kitanda, kisha sufuria, kisha nikamshika mkono mkewe kumpandisha kwenye lori la serikali, maana alikuwa mjamzito. Yeye alipanda mwisho. Sikuona hasira usoni mwake, na afadhali ningeiona, kwa sababu hasira naijua namna ya kuijibu.

"Mhindi nilikuwa naye hapo hapo," akaniambia, "na sikumwuliza. Nilikuuliza wewe."

Askari akataka pasibuku za wote waliosimama karibu. Nikatoa yangu, akautazama muhuri, akanirudishia.