Mwaka Ambao Dona Zuleide Hakuwasha Moto

Ukitaka kumjua Dona Zuleide, anza kuhesabu watu wasioweza kumnyima kitu. Mtaa wetu wa Mteremko, hapa nje kidogo ya mji wa Garanhuns, una nyumba sitini na mbili, na katika nyumba kama arobaini ana ndugu wa moto. Mimi ni mmoja wao, na nilitangulia wote.

Mkesha wa Mtakatifu Yohana, mwezi wa sita, kila nyumba hupanga kuni mbele ya mlango na kuziwasha jua likizama. Wawili wanaopendana hushikana mikono juu ya moto, wakazunguka mara tatu, wakaapa kwa Mtakatifu Yohana na Mtakatifu Petro. Basi, wameshakuwa ndugu wa moto, komadre kwa mwanamke na kompadre kwa mwanamume, mpaka kaburini. Padri hahitajiki wala cheti. Mimi na Zuleide tuliapa tukiwa na miaka kumi na mmoja. Niliunguza pindo la gauni nililoazima kwa dada yangu bila kumwambia, na nilichapwa udugu wetu haujatimiza saa moja. Nyumba isiyowasha moto mkesha huo ni moja tu, ile iliyofiwa.

Komadre wangu huyu ni mwanamke mfupi, mwenye mikono ya kupara mahindi na kichwa kigumu kuliko gunzi. Mumewe Severino alikufa mapema. Mimba tatu zilimtoka kabla hajampata Edilene, kwa hiyo mtoto huyo mmoja alimlea kama watoto wanne. Alimsomesha kwa pamonha, ule unga wa mahindi mabichi unaofungwa kwenye maganda yake na kuchemshwa, akiuzia dirishani. Edilene akitoka shule alikuwa akianza kuita tangu juu kabisa ya mteremko, "Mamaaa!", ili kahawa ibandikwe. Mume wangu Adauto, mwoka mikate anayelala mchana, alikuwa akitukana mtoto wa watu kila siku saa sita na nusu. Siku hizi anasema angelipa ili aamshwe tena na ile sauti.

Maana Edilene alikua, akaolewa upande wa pili wa mji, akaokoka. Sina neno na walokole. Dada yangu mwenyewe ni mlokole, na tangu aokoke amepunguza umbea, jambo ambalo madaktari walishindwa. Ila Edilene aliokoka kwa pupa, kama alivyofanya kila kitu. Miaka minne iliyopita alikuja mkesha wa Mtakatifu Yohana kwa heshima tu, na binti yake Tainá wa miaka mitano. Zuleide akamwita mjukuu, akamshika mkono wa kulia na mimi nikamshika wa kushoto, tumfanye mtoto wangu wa moto. Edilene akamnyakua mtoto mbele ya mtaa mzima.

"Mwanangu haapishwi na kuni," alisema. "Hii ni ibada ya sanamu, Mama."

Zuleide alikuwa na glasi mbili za pombe ya miwa kichwani. Nasema hivyo kumtetea, ingawa najua hata bila glasi angesema vilevile. Alisema, "Basi usinishukie mtaa huu mpaka uje na kuni mkononi."

Edilene hakushuka tena, na Zuleide hakuyafuta maneno yake. Mwaka wa kwanza alisema atakuja mwenyewe. Mwaka wa pili alisema nimpe muda. Mwaka wa tatu akaacha kusema, akawa anapika pamonha mbili zenye jibini, anazozipenda Edilene, anaziweka kando mpaka kesho yake, kisha ananiletea mimi. Nilikula pamonha za mtu mwingine mwaka mzima nikiwa na aibu rohoni. Zilikuwa tamu, nisidanganye.

Hapo ndipo habari ya kanisa ilipoingia. Chini ya mteremko, ubavuni mwa nyumba yangu, kuna kiwanja kilichobaki wazi tangu ghala la kahawa lilipobomolewa. Ndipo tunapocheza dansi ya Mtakatifu Yohana, ndipo maji ya mvua yanapopata pa kupumulia. Mwezi wa pili tukasikia kwamba kanisa kubwa la akina Edilene linataka kujenga pale ukumbi wa watu elfu mbili. Elfu mbili! Mtaa ambao gari mbili zikikutana, moja lazima irudi kinyumenyume mpaka kwa mwuza nyama.

Mchungaji wao, Gildásio, alikuja kututembelea. Kijana mstaarabu, viatu safi, alikunywa kahawa yangu mpaka tone la mwisho.

"Tutaweka vioo vinene, Dona Nivalda," aliniambia. "Hamtasikia hata pambio moja."

"Na magari mia tatu utayawekea vioo vinene?" nilimwuliza. "Na maji? Walipomwaga lami huku juu, maji yaliingia kwangu mpaka kwenye miguu ya kitanda. Mume wangu aliamka akidhani amekojoa."

Alicheka, maskini, akaahidi mtaro. Sikuutaka mtaro wake. Mtaa ukakaa barazani kwangu, ukaandika waraka wa kupinga, na swali likawa nani azunguke kukusanya saini. Hatukulijadili hata dakika. Nani atamnyima komadre wake wa moto? Zuleide alichukua ule waraka, akavaa viatu vyake vya msibani, akazunguka wiki mbili. Alirudi na saini mia moja na arobaini na tatu, mojawapo ya dada yangu mlokole, aliyeandika jina lake kwa herufi ndogondogo Mungu asilione.

Siku nane kabla ya kikao cha mji cha kuamua habari ya kiwanja, Zuleide akaja kwangu na simu mkononi. Alikuwa amepokea ujumbe wa sauti. Tulikaa jikoni, akaubonyeza.

"Dona Zuleide, ni mimi, Edilene. Nimeambiwa wewe ndiye umekusanya saini. Kile kiwanja ni mimi niliyemwonyesha mchungaji. Niko kwaya sasa. Kanisa likiwa pale nitakuwa nashuka huo mtaa kila Jumapili na kila Jumatano, mimi na Tainá, wala hakuna atakayeweza kuniuliza nimebeba nini mkononi. Nilidhani umeelewa. Basi. Mungu akubariki."

Ujumbe ukaisha. Adauto alikoroma chumbani.

"Ameniita Dona," Zuleide alisema. "Kama mwuza mboga, si mama yake."

"Umesikia alichosema kuhusu kiwanja?"

"Nimesikia." Akaubonyeza tena. Aliusikiliza mara tatu mbele yangu, na mara zote tatu alikuwa anainamisha kichwa pale mwanzoni, kana kwamba safari hii jina litabadilika.

Sasa nitasema jambo ambalo sijalisema barazani. Komadre wangu alinitazama usoni akaniuliza, "Nivalda, nikiuchana huu waraka, utanichukia?"

Ningeweza kumwambia chana. Ningeweza kumwambia maji ni maji tu, tutainua kitanda. Nilifikiria godoro langu jipya, nikafikiria magari, nikafikiria saini mia moja na arobaini na tatu. Nikamwambia, "Watu wamekupa majina yao kwa sababu ya moto, komadre. Ukiyachana, umewachana wao." Nilijua ninachofanya. Nilishika mahali ambapo hawezi kujinasua, nikavuta.

Alikunja waraka, akanywa kahawa yake, akaondoka.

Kikao kilifanyika ukumbi wa shule. Upande mmoja tulikaa sisi wa mtaa, upande mwingine kwaya nzima, sketi ndefu za bluu, na Edilene safu ya pili. Alikuwa amenenepa kidogo, na unene ulimpendeza. Zuleide aliitwa mbele, akasoma majina yote, moja baada ya jingine, kwa sauti isiyotetemeka, na katikati ya kusoma hakuinua macho hata mara moja. Wakubwa wa mji wakasema mtaa ni mwembamba, kiwanja hakifai, kanisa litafute pengine. Tulipiga makofi. Baadaye walokole walipata eneo zuri kule barabara kuu, lenye nafasi ya magari, mabasi mawili kutoka kwetu. Nje ya shule Edilene alipita mbele ya mama yake, akasema, "Usiku mwema, Dona Zuleide," na Zuleide akaitikia, "Usiku mwema, mwanangu." Edilene alikuwa ameshapita.

Mwezi wa sita ukafika na manyunyu yake na baridi ya kuuma masikio. Mkesha wenyewe vijana walitundika bendera za karatasi kiwanjani, kiwanja chetu tulichokiokoa, na jua lilipoelekea kuzama mtaa mzima ukaanza kutoa moshi. Nilitoka kupepea moto wangu nikatazama juu. Nyumba zote zilikuwa na moto isipokuwa moja. Kuni za Zuleide zilikuwa zimepangwa vizuri mbele ya mlango, mraba kwa mraba kama anavyopanga yeye, na hakuna kiberiti kilichozigusa.

Watu walishaanza kusimama. Kompadre Lourival wa duka la nyama alivua kofia. Mwanamke mmoja aliuliza, "Amekufa nani?" Nilipanda ule mteremko nikizunguka kwa nyuma, magoti haya yakilia, nikamkuta jikoni kwake, mzima, anafunga pamonha.

"We Zuleide! Mtaa wote unadhani umekufa!"

"Waache wadhani."

"Washa moto, mwanamke. Kuni zitalowa."

Hakuinua kichwa. "Nyumba hii ina msiba, komadre. Nilizika mtu pale ukumbi wa shule, na watu mkapiga makofi." Alifunga kamba ya ganda, akaikaza. "Halafu nimechoka kuwasha moto unaomfukuza mwanangu."

Nilitoka uani nikalia kidogo, kwa hasira zaidi, maana alikuwa amesema kweli na hakuwa amepaza sauti. Kisha nikatoa simu. Namba ya Edilene ninayo, nilimsimamia ubatizo wa kanisani, si wa moto tu. Alipopokea nilisema maneno machache na yote ya kweli: "Edilene, ni Nivalda. Nyumba ya mama yako haikuwashwa moto leo."

Nikakata. Mlokole au si mlokole, mtoto aliyezaliwa mtaa huu anajua maana yake. Alipopiga tena sikupokea. Mungu anisamehe, na kama hanisamehe basi tutaongea huko huko.

Nilirudi jikoni, nikaketi, nikaanza kufunga pamonha, na habari ya simu sikumtajia. Haikupita nusu saa tukasikia. Ilianzia juu kabisa ya mteremko, pale wanaposhushia teksi.

"Mamaaa!"

Mkono wa Zuleide ulisimama juu ya unga. Nje watu waligeuka kutazama, na mpiga kinanda kiwanjani akaacha kupiga.

"Mama! Mama!"

Sauti ilikuwa inashuka inakimbia, ikipita moto mmoja baada ya mwingine, mioto yote ile aliyoiita ibada ya sanamu. Zuleide aliinuka. Alijifuta mikono, akaenda mlangoni taratibu, akashika komeo. Nikangoja afungue. Hakufungua. Alisimama ameweka paji la uso kwenye ubao, mkono juu ya komeo, na mwanawe upande wa pili anagonga kwa viganja, analia kilio kile ambacho mtu hukilia mara moja tu maishani, "Mama, Mama yangu, Mama."

"Fungua, wewe!" nilimnong'oneza. "Utamwua mtoto wa watu! Bado una kinyongo?"

Alinionyesha kidole, ninyamaze. Edilene aliita mara nyingine. Ndipo komeo likavutwa.

Edilene alikuwa miguu mitupu, kiatu kimoja mkononi, nywele zimelowa. Alimtazama mama yake kama mtu anayetazama kaburi linafunguka. Hakumkumbatia. Alimpiga kifuani kwa kile kiatu, si kwa nguvu, akasema, "Nilidhani umekufa! Nimemwacha Tainá kwa jirani, nilidhani umekufa!"

Zuleide alitazama mikono ya mwanawe. Kiatu kimoja tu, hakuna kingine. Basi akainama, akachomoa gogo kwenye kuni zake mwenyewe zilizolowa, akamlazia Edilene mikononi kama anampa mtoto mchanga.

"Haya," akasema. "Umekuja na kuni. Ingia, mahindi yanapoa."

Walikula jikoni, hawakuzungumza mengi. Edilene alikula zote mbili zenye jibini. Aliondoka mapema kumfuata mtoto, na alipoulizwa kama atakuja Jumapili, alisema Jumapili ni ibada, na sasa kanisa ni mbali, mabasi mawili, hajui. Alisema "tutaona". Hakuahidi, na Zuleide hakumwomba aahidi.

Asubuhi nilipanda kumwomba radhi kwa ile simu. Nilimkuta anafagia mbele ya mlango, lile gogo amelileta ndani, limeegemezwa ukutani karibu na jiko. Nilimwambia nilichofanya, na kile nilichomfanyia siku ya waraka pia. Alisikiliza, akasema anajua, akaendelea kufagia.

"Lakini wewe nawe," nikasema, "kumwacha mtoto analia mlangoni namna ile! Hukumsikia?"

Akaegemea ufagio.

"Nilimsikia tangu kule juu, komadre," alisema. "Miaka minne. Nilitaka aite tena."