Mistari Miwili Ukutani mwa Depo

Siku yangu ya kwanza kwenye depo ya hospitali, Goma, miaka ya hamsini ikielekea mwisho, niliuliza maswali mengi mpaka Chefu wa Depo, mkubwa wetu wa kazi, akanibandika jina: Bwana Université.

Nilikabidhiwa maziwa ya unga ya watoto wachanga waliofiwa na mama zao. Mikebe ilipangwa ukutani kwa safu, kumikumi. Juu ya safu ya chini palichorwa mstari mwekundu. Mikebe kumi iliyo chini yake iliitwa akiba ya usalama, ya kutukinga meli ikichelewa. Tukiufikia mstari, ndipo tunaandika barua Bukavu, ng'ambo ya ziwa, kuagiza mingine.

"Chef, watoto wanamaliza mikebe mingapi kwa siku?"

"Miwili."

"Na toka barua mpaka meli?"

"Siku kumi, kama ziwa haina kisirani."

"Basi kumi inaisha siku ya tano. Zile tano zingine wanakunywa nini?"

Akacheka. "Mutoto wa vitabu! Miaka yote niko hapa, depo haijakuwa tupu. Hesabu yako ndiyo tupu."

Daftari, lililoandikwa masalio ya mwisho wa mwezi tu, lilimuunga mkono. Sikuridhika. Nikamwendea Mama Veneranda, muuguzi wa watoto. Akashusha sauti.

"Mukifika kwa ule mustari, nikikoroga maziwa naongeza maji. Mukebe moja kwa siku. Wanalia, papa, lakini wanafika mpaka siku ya meli."

Nilipomweleza Chefu, hakucheka tena. Alichukua rangi, akachora mwenyewe mstari wa pili, juu ya safu ya tatu. Hicho kikawa kiwango cha kuagiza: mikebe ishirini ya siku kumi za kungoja, na kumi ya akiba chini yake.

Agizo lililofuata, mashine ya meli ikaharibika. Siku ya kumi ikapita, tukaanza kula akiba. Kila asubuhi Mama Veneranda aliuliza mlangoni, "Niongeze maji?"

"Hapana, mama. Bado."

Siku ya kumi na nne, ikiwa imebaki mikebe miwili, honi ikalia bandarini. Chefu akaketi juu ya sanduku, akajipangusa uso. "Bwana Université, sasa mutu anaweza kupumua."

Baadaye nilitunza depo Rutshuru, kisha Beni, nikastaafu. Mpaka leo, mtu akijisifu kwamba depo yake haijawahi kuwa tupu, namwomba kwanza nizungumze na anayekoroga maziwa.